Valyu Ilivyoingia Chonyonyo

Vijana wenzangu wa ugani, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi na cheti. Kwenye cheti mmeandika kwamba nimeongeza valyu katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Saa inakwenda vizuri. Blanketi kalichukua mke wangu kabla hata sijalikunjua. Cheti bado sijakitundika, nakiangalia tu na kukirudisha kwenye bahasha. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazini yatakayowafaa, na mimi nimeona nianze na hilo neno lenyewe, kwa sababu nyinyi mmelikuta limeshakaa kitini, mimi nililiona likiingia mlangoni.

Siku hizi kila mtu analo. Kijana wa bodaboda pale Omurushaka akikataliwa na msichana anasema yule hana valyu. Mwenye gesti akibadilisha mapazia anapandisha bei, chumba kimepata valyu. Mhubiri anawauliza vijana kama wanaijua valyu yao, na wanaitikia kwa kelele kwamba wanaijua. Kwenye vikao vya halmashauri ndiyo usiseme: kuna mnyororo wa valyu, nyongeza ya valyu, na siku moja niliona kwenye ratiba kipindi kizima cha valyu kabla ya chai. Neno thamani tunalo siku zote na hata mtoto analielewa. Kasoro yake ni moja tu. Semina ikiitwa ya thamani mnakunywa soda na kurudi nyumbani. Ikiitwa ya valyu mnalala hotelini.

Nilipopangiwa Chonyonyo nilikuwa nimetoka Muleba na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo. Aliyenipokea ni Mama Yustina, bibi shamba wa siku nyingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Bwana shamba, hilo shati unampelekea mgomba au unampelekea askofu?"

Alinipa panga, kamba ya kupimia nafasi za mashimo, na mabuti ya mtu aliyenitangulia, ambaye inaonekana Mungu alimjalia miguu mipana. Kwa mabuti hayo nilitembea muda mrefu nikiwa nimeyajaza majani makavu ya mgomba. Nawaambia hili kwa sababu nimesikia mnalalamika kwamba pikipiki zenu hazina vioo vya pembeni.

Siku hiyohiyo ya kwanza Mama Yustina alinipeleka kwa Ta Kashaija. Kwetu mtu mzima wa kiume tunamwita Ta, kama tunavyomwita waitu yeyote tunayemheshimu, na huyu alistahili. Alikuwa mrefu, mkavu, na miguu yake ilikuwa na nyayo pana zilizolainika ajabu kwa mtu wa shamba. Nilipomwamkia shikamoo akaitika, nikafungua mdomo nianze somo la nafasi kati ya mgomba na mgomba. Mama Yustina akanifinya mkono. Ta Kashaija akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa. Tukatafuna. Nilitafuna mpaka nikahisi somo langu lote limeyeyuka mdomoni, ndipo mzee akaanza mwenyewe kuniambia migomba yake ilikuwa inaugua nini.

Njiani Mama Yustina alinieleza kwa kifupi. "Watu hawa hawatakwambia la kweli mpaka wajue umekuja kuwafanya nini. Ukiuliza kabla hujatafuna, utajibiwa, lakini utajibiwa kama anavyojibiwa mgambo." Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata fundisho zuri kuliko hilo, na halikuwa na posho.

Nyuma ya nyumba ya Ta Kashaija kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda kulikuwa na mtumbwi wa kukanyagia ndizi. Mgeni asidhani ni wa majini. Ni gogo moja la mti wa msizi lililochongwa na babu yake, pana kiasi cha watu wanne kusimama ndani. Ndizi za pombe zikishaiva humenywa, zinamwagwa humo pamoja na nyasi, na wanaume waliokwishanawa miguu wanazikanyaga mpaka zitoe maji. Maji hayo yanachujwa, yanachanganywa na mtama wa kukaanga, yanafunikwa kwa majani ya mgomba, na kukipambazuka una rubisi. Kilima kizima kiliazima mtumbwi ule kwa harusi, kwa msiba, kwa kuezeka nyumba. Ukiuazima, unamwazima na mwenyewe, maana Ta Kashaija hakukubali ukanyagwe bila yeye. Alisimama kichwani mwa mtumbwi na kuwapangia vijana mwendo wa miguu, na akiinama kunusa povu anakwambia kama nyasi ulizokata ni za bondeni au za mlimani. Hakuwa na cheo kingine chochote duniani wala hakukitafuta.

Basi miaka ikaenda. Mama Yustina alistaafu, nikabaki mimi ndiye mkubwa wa kata, na mambo ya vyeo niyapite kama nilivyoahidi nafsi yangu. Ndipo mradi ukaja. Ulikuja na magari mawili meupe, karatasi kubwa za kubandika ukutani, kalamu za maka za rangi nne, na Mtaalamu aliyetoka mbali sana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "pole". Mimi ndiye niliyewekwa kutafsiri. Tulikusanya wakulima kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wakakaa kwenye madawati ya watoto na magoti yao yakiwa karibu na masikio.

Mtaalamu akaandika valyu kwenye karatasi, akaizungushia duara. Kisha akauliza swali zuri kabisa: ndizi zenu, mbali na kuzila, mnazitengeneza kitu gani ili zipate valyu zaidi?

Nilitafsiri vizuri. Nililitafsiri kwa Kiswahili, nikalirudia kwa Kinyambo changu chenye harufu ya Kihaya, na hakuna aliyekosa kuelewa. Tatizo lilikuwa kwingine. Hakukuwa na kahawa ya kutafuna, ratiba haikuwa na nafasi yake. Na siku chache tu kabla, mgambo walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali hilohilo, nani anatengeneza nini kwa ndizi zake, wakitafuta wapika pombe wasio na kibali. Mama mmoja alikuwa bado anajiuguza goti alilogonga akiruka uzio na chungu mkononi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Ta Bitegeko, mtu wa mbele katika kila kamati, mwenye koti la suti analovaa hata akienda kukata majani ya ng'ombe.

"Hatutengenezi kitu, mheshimiwa."

"Hakuna kabisa?" Mtaalamu akauliza.

Ta Kashaija akasimama polepole. Miguu yake siku hiyo ilikuwa bado inanukia ndizi mbivu, na nzi wawili walikuwa wanaizunguka kwa heshima zote.

"Tunakula tu, waitu," alisema. "Zikizidi zinaoza."

Darasa zima liliuma midomo. Mwenzake wa dawati moja alijificha uso kwenye kofia akijidai anakohoa. Mtaalamu alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema "pole", akaandika. Wakati wa chakula nilimvuta pembeni nikamwambia, Bwana, watu hawa wamekuogopa, twende tukatafune kahawa kwa yule mzee halafu uulize upya. Aliangalia saa. Akasema anaheshimu sana mila, lakini takwimu zimeshapatikana.

Ripoti ilisema wakulima wa kata yetu hawaongezi valyu yoyote katika ndizi. Kwa ugonjwa huo dawa ilikuwa mashine. Ililetwa ikiwa imefungwa kwenye mbao, ya chuma king'aavu, ya kutengeneza mvinyo wa ndizi, ikajengewa banda lenye sakafu ya saruji. Kikundi kikaundwa na Ta Bitegeko akawa mwenyekiti. Zikaja lebo kabla ya chupa, na chupa kabla ya mvinyo. Lebo ilikuwa nzuri mno, ina mkungu wa rangi ya dhahabu ambao sijawahi kuuona kwenye mgomba wowote, nami nimeona migomba.

Kikwazo kikawa ndizi mbivu. Hazikupatikana. Kata ambayo kwa mujibu wa ripoti ndizi zake zinaoza tu, haikuwa na ndizi ya kupeleka kwenye mashine! Mtaalamu akashangaa. Hapo mwenyekiti wetu akasimama kikaoni, kwa mdomo uleule uliosema hatutengenezi kitu, akatoa taarifa kwamba ndizi zinaishia kwenye mitumbwi ya pombe za kienyeji na huko zinapoteza valyu. Likapitishwa azimio: hakuna kukanyaga rubisi mpaka mashine ishibe, na mitumbwi yote ikabidhiwe kwa kikundi.

Mgambo wakaikusanya. Midogo ilipasuliwa kuni, kwa sababu mvinyo unachemshwa na hakuna aliyekuwa amefikiria kuni. Nilisimama pale nikaona mitumbwi ya watu inapikia mvinyo ambao haujanyweka. Niliandika barua ya kupinga na nikajibiwa kwamba mimi ni mtumishi mwenye mtazamo wa kizamani, nikaambiwa nihudhurie semina. Nilihudhuria. Chakula kilikuwa kizuri.

Wa Ta Kashaija haukupasuliwa. Ulikuwa mkubwa na mzuri mno, hata mgambo walisita. Ukaachwa nje ya banda, juani, na mzee akawa anapita kila mara kuutazama, anaufagia majani, anaondoka. Halafu mfanyabiashara mmoja kutoka Bukoba, mwenye loji mpya pale Omurushaka, akapita, akaupenda. Kikundi kikampa, naye akakipa viti vya plastiki. Ta Bitegeko aliniambia kwa furaha kwamba hata lile gogo sasa limepata valyu. Ta Kashaija hakuulizwa. Aliposikia alikaa kwenye kibanda chake kitupu, na mkewe akanambia amekuwa mtu wa kulala mchana, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Mvinyo wa kwanza ulifyatua vizibo stoo na kuwatia watu hofu kwamba kuna majambazi. Wa pili uligeuka siki. Wa tatu sijui, nadhani haukuwapo.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Ndipo mtoto wa kiume wa Ta Bitegeko akapata mchumba kule Bweranyange, kwenye ukoo mmoja wa wazee wenye misimamo. Walitaja mahari, wakapatana vizuri, kisha baba mkubwa wa binti akaongeza la mwisho: rubisi. Si bia ya kreti na si chupa. Rubisi ndani ya kibuyu, na katika ukoo wao aliyeikanyaga anakuja nayo, anasimama mbele ya watu, anakunywa wa kwanza. Bila hilo hawafungui mdomo.

Ta Bitegeko alikuja kwangu amevaa lile koti. Alikuwa anaona aibu kwenda peke yake. Nilimsindikiza kwa Ta Kashaija kwa sababu kijana wake alikuwa mtoto mzuri, na pia, nisiwadanganye, kwa sababu nilitaka kuona.

Tuliletewa kahawa. Tukatafuna. Bitegeko alitafuna haraka mpaka nikamwonea huruma. Mwishowe akasema, "Ta, nimekuja kuomba miguu yako."

"Miguu ipo," alijibu Ta Kashaija. "Mtumbwi uko wapi?"

Tulikwenda Omurushaka wote watatu. Mtumbwi tuliukuta getini mwa loji, umepakwa vanishi, umejazwa udongo mpaka juu, una maua mekundu. Mwenye loji alitupokea kwa uchangamfu.

"Shikamoo wazee. Mnaona ulivyopendeza? Wageni wote wanapiga picha hapa. Kwenu ulikuwa umekaa tu na nyuki, hapa una valyu."

Ta Kashaija aliinama, akang'oa maua upande wa kichwani taratibu, akayapanga pembeni bila kuyavunja, akaanza kuutoa udongo kwa viganja. Alipofika chini aliacha kuchota. Akaingiza kidole. Kulikuwa na tundu. Akachota mbele zaidi, tundu jingine. Yalipangwa kwa mstari hadi mwisho, kazi safi ya fundi mwenye keekee.

"Nani katoboa?"

Mwenye loji akaeleza kwa adabu kwamba bila matundu maji yanatuama na maua yanaoza.

Nilisema mambo ya vigingi na nta, nikasema matundu yanazibika. Ta Kashaija akagonga sakafu ya mtumbwi kwa kifundo cha kidole, akanisogeza nigonge na mimi. Mti unaolowa pombe na kukaushwa kila mara unadumu kuliko mwenyewe. Ukiulaza na udongo mbichi masika kwa vuli, unalainika kwa ndani. Kidole changu kilizama kidogo. Nilikasirika siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na sikuwa na wa kumkasirikia, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa ameuongezea mtumbwi ule kitu.

Mzee akarudisha udongo. Akarudisha na maua, moja moja, akayashindilia.

Rubisi ya harusi ilipatikana Kyerwa, ambako mradi ulikuwa bado haujafika. Mwenyekiti wa kikundi cha valyu aliisafirisha mwenyewe kwenye madumu, kafunika juu na mikungu ya ndizi mbichi, na kwenye kila kona alikuwa anainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Akaihamishia kwenye vibuyu kabla ya kuingia Bweranyange. Akamwomba Ta Kashaija awepo msafarani. Hakumwambia kwa nini, lakini sote tulijua.

Wazee wa Bweranyange walionja, wakatazamana, wakaridhika. Baba mkubwa akapiga kofi. "Aliyekanyaga asimame anywe."

Bitegeko akamwangalia Ta Kashaija kwa macho ya mtu anayezama. Mzee akasimama. Akapokea kibuyu, akanusa kwanza, akanywa, akafuta mdomo.

"Pombe ni nzuri," alisema. "Nyasi ni za bondeni. Aliyeikanyaga anaijua kazi. Mimi simjui."

Wazee wote wakamgeukia Bitegeko. Kisha baba mkubwa akacheka, wakacheka wote, Bitegeko akatozwa mbuzi kwa udanganyifu na binti akatolewa. Wana watoto sasa. Ta Kashaija tulirudi naye, na mlimani nilimuuliza kwa nini hakukubali tu, angeheshimiwa siku nzima. Akanambia, "Ningeikanyaga nimesimama wapi?"

Muda si mrefu likaja gari la tathmini. Safari hii alikuwa mtaalamu mwingine, dada kijana, mpole, anayeandika kwenye kompyuta ya mapajani. Nilimwomba tuanze kwa kahawa. Alinisikiliza vizuri, akasema jioni kama muda utaruhusu. Tukaingia darasa lilelile na madawati yaleyale. Akauliza: ndizi zenu, mbali na kuzila, mnazitengeneza kitu gani?

Nikatafsiri. Ta Bitegeko aliinamisha uso akawa anachezea kifungo cha koti. Waliobaki wakamgeukia Ta Kashaija. Akasimama, na haikuwa kazi rahisi tena kwake kutoka kwenye lile dawati. Miguu yake ilikuwa imekauka na kupasuka visigino, miguu ya mkulima kama wengine.

"Tunakula tu, waitu," alisema. "Zikizidi zinaoza."

Hakuna aliyeuma mdomo. Yule dada aliniuliza kama nimetafsiri sawasawa, nikamwambia ndiyo, mara hii ni sawasawa kabisa. Akafungua ripoti ya kwanza, akalinganisha, uso ukamng'aa. Majibu yalifanana neno kwa neno.